Kabini jirani melini: Jinsi familia kubwa inavyopaswa kukata nafasi

Familia zinazosafiri pamoja kwa meli za utalii mara nyingi hujikuta zimetawanyika katika sitaha tatu au nne, bibi akilala omo na wajukuu wake tezi, ilhali wote walilipa wakiamini kuwa watakuwa jirani. Kosa hilo halifanyiki siku ya safari. Huwa limekwisha kufanyika miezi mingi kabla, siku ile nafasi zilipokatwa.

Ukubwa wa meli za siku hizi ndio unaolifanya jambo hili kuwa zito. Icon of the Seas, meli ya kampuni ya Royal Caribbean iliyoanza kubeba abiria kutoka Miami, Marekani, Januari 2024, ina urefu wa takriban meta 365 na sitaha 20, na huchukua abiria 5,610 ikiwa kila kabini imelaza watu wawili. Viwanja vitatu vya mpira vikipangwa mstari mmoja havifikii urefu huo. Meli hiyo iliundwa Turku, Finland, katika karakana ya Meyer, jina ambalo lina historia hata Kigoma: ni kampuni ya ukoo huo, huko Papenburg, Ujerumani, iliyounda mwaka 1913 meli ya Graf von Götzen, ambayo baadaye ilikuja kuitwa MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Ndani ya Liemba ndugu aliyepotea hutafutwa kwa kupiga hodi milango michache. Katika meli ya Miami, mzee mwenye maumivu ya magoti aliyepangiwa ncha nyingine ya sitaha ni kama amepangiwa mtaa mwingine.

Jambo la kwanza ni kufahamu maana ya neno "jirani" kwa mujibu wa wauzaji wa nafasi. Zipo kabini zenye mlango wa ndani unaoziunganisha, hivyo mtoto hupita kwa mama bila kutoka ujiani. Zipo zinazopakana tu, ukuta kwa ukuta, kila moja na mlango wake. Zipo pia zinazotazamana, moja ikiwa na dirisha au roshani upande wa bahari na nyingine ikiwa ya ndani isiyo na dirisha. Hizi za mwisho huwafaa wenye bajeti ndogo, kwani wazazi huweza kuchukua chumba cha roshani na vijana wakubwa wakalala mkabala kwa bei nafuu zaidi. Anayeomba "vyumba vya karibu" bila kufafanua ni aina ipi atapewa chochote kilichopo.

Namba za milango nazo huwapotosha wengi. Tarakimu ya kwanza, au mbili za kwanza, huonyesha sitaha. Baada ya hapo, katika meli nyingi namba shufwa huwa upande mmoja wa meli na namba witiri upande wa pili. Kwa hiyo kabini namba 8210 na 8212 huenda zikawa zimepakana, lakini 8210 na 8211 zinaweza kutenganishwa na upana mzima wa meli, pamoja na lifti na ngazi zilizo katikati. Dawa yake ni kuitazama ramani ya sitaha kabla ya kulipa. Ramani hiyo hiyo itaonyesha jambo ambalo wengi hawalifikirii: chumba kilicho juu au chini ya kingine, kando ya ngazi, huweza kuwa karibu zaidi kuliko kilicho milango 30 mbele katika sitaha ile ile.

Mtego mkubwa kuliko yote ni bei rahisi. Kampuni huuza nafasi ambazo abiria hulipia daraja la chumba tu, na namba ya kabini huchaguliwa na kampuni yenyewe baadaye. Kwa msafiri wa peke yake mpango huo hauna ubaya. Kwa familia ya watu 16 ni bahati nasibu, na wanaoukubali hawana msingi wa kulalamika wakitawanywa.

Kwa watoto, suala hili si la starehe pekee. Katika safari zinazoanzia Amerika Kaskazini, Royal Caribbean haimpangi abiria aliye chini ya miaka 21 katika kabini isiyo na mtu wa umri huo au zaidi. Wanaosamehewa ni pamoja na watoto wanaosafiri na wazazi waliopangiwa kabini ya jirani. Kampuni nyingine zina viwango vyao. Baadhi ya familia hulikwepa sharti hilo kwa kuandikisha mzazi mmoja katika kila chumba na kubadilishana baada ya kupanda. Njia hiyo hutumika sana, lakini ina kasoro yake.

Kasoro hiyo ni kwamba kituo cha kukusanyikia wakati wa hatari kwa kawaida hupangwa kwa kufuata kabini iliyoandikwa. Baada ya ajali ya Costa Concordia nchini Italia, Januari 13, 2012, ambayo iliua watu 32, kanuni za kimataifa zilibadilishwa, na tangu Januari 2015 abiria wapya lazima wapewe zoezi la dharura kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Familia iliyotawanyika inaweza kuelekezwa katika vituo tofauti. Ni muhimu wazazi wajue kabla ya zoezi hilo nani atamfuata mtoto yupi.

Boti za uokoaji pia ndizo sababu ya jibu linalowashangaza wanaochelewa: kabini ina vitanda vinne, lakini mfumo unakataa kuuza zaidi ya viwili. Idadi ya abiria hupimwa kwa uwezo wa boti, na nafasi za mtu wa tatu na wa nne zikijaa, vitanda vilivyobaki hubaki vitupu.

Kutokana na hayo, inashauriwa mtu mmoja, au wakala mmoja wa safari, akate nafasi za ukoo mzima kwa wakati mmoja, akitaja namba za kabini. Kampuni nyingi za Marekani huhesabu kabini 8, yaani watu 16, kuwa kundi, na kundi hupata unafuu fulani. Hata hivyo, kundi si ahadi ya ujirani. Kabini zilizotengwa zinaweza kuwa sehemu mbalimbali. Kila kabini huwa na namba yake ya hati, na ni lazima hati hizo ziunganishwe, la sivyo hata meza ya chakula cha jioni itakuwa tofauti.

Ndugu mmoja akijitoa, kabini yake hurudi sokoni na huenda ikachukuliwa na wageni, na hapo mlango wa kuunganisha hufungwa kwa ufunguo. Wenza wakipungua akabaki mmoja, huweza kutozwa karibu bei ya wawili.

Kwa waliokwisha kutawanywa, muda mzuri wa kuomba mabadiliko ni karibu na tarehe ya mwisho ya kumaliza malipo, ambapo wanaoghairi huachia vyumba. Ombi hilo hupelekwa na yule aliyekata nafasi, si na kila ndugu kwa wakati wake.