Taa ya Nyuma Humwangazia Nani? Ufundi na Wajibu Mwambao wa Ziwa Nyasa

Jioni moja ya masika nilikuwa nimepakiwa kwenye bodaboda kutoka Ipinda kwenda Matema. Mvua ilikuwa imekatika na milima ya Livingstone ilikwisha kumezwa na giza. Ghafla dereva wangu alikata usukani tukaingia kwenye nyasi. Mbele yetu kulikuwa na pikipiki iliyobeba magunia mawili ya mpunga, haina taa ya nyuma. Hatukuiona mpaka zilipobaki hatua chache. Tulinusurika, lakini hofu ile iligeuka kuwa swali la historia.

Kesho yake, katika gereji moja ya Kyela mjini, nilikutana na fundi kijana anayeunda taa za nyuma kwa mkono. Aliyokuwa nayo mezani ilikuwa na umbo la mbasa, samaki anayejulikana na kila mtu mwambao huu. Kiwiliwili cha samaki huwaka kwa wekundu hafifu muda wote. Dereva akikanyaga breki, mkia nao hulipuka kwa mwanga mkali. Nilicheka kwa furaha: mkia wa pikipiki umekuwa mkia wa samaki!

Uzuri huo una hesabu ndani yake. Balbu ya kawaida ya volti 12 huwa na nyuzi mbili: moja ya wati 5 ya kuonekana, nyingine ya wati 21 ya breki. Fundi wetu anatumia taa za LED. Tatu nyekundu zikifuatana hula takriban volti 6. Betri inapochajiwa hufikia volti 14. Hivyo rezista ya kama omu 400 inabeba volti 8 zilizobaki, ili mkondo usizidi miliampea 20. Taa yake ya kwanza haikuwa na rezista, nayo iliungua palepale. Ya pili aliipaka rangi ya bluu. Dereva wa lori aliyekuwa nyuma akadhani ni kitu kinachomjia. Ndipo akarudi kwenye nyekundu.

Ufundi wa namna hii haukuanza jana. Kabla ya ukoloni, wahunzi wa Kikinga walishusha majembe na mikuki ya chuma kutoka milimani na kuyabadilisha na Wanyakyusa wa bondeni. Wakisi, wanaoishi kati ya mlima na maji, walifinyanga vyungu na kuvisafirisha kwa mitumbwi. Hadi leo vyungu vyao huuzwa Lyulilo, karibu na Matema. Baadaye makopo matupu ya dukani yakawa vibatari. Na LED nyekundu, iliyobuniwa na Nick Holonyak katika kampuni ya General Electric, Marekani, mwaka 1962, leo inalehemiwa Kyela ndani ya umbo la mbasa. Kitu hutoka mbali, mikono ya hapa hukipa maana.

Lakini kuna tofauti kubwa, nayo ndiyo hoja yangu. Jembe bovu lilijulikana msimu wa kwanza, na chungu kilichopasuka kilimrudia mfinyanzi kwa maneno makali. Aliyenunua ndiye aliyetumia, na kwa hiyo ndiye aliyekagua. Taa ya nyuma haina mkaguzi wa aina hiyo. Aliyeilipia hukaa mbele yake na haioni. Anayeitegemea ni mgeni anayemfuata gizani, ambaye hakulipa hata senti. Ndiyo maana bodaboda wengi hubadilisha taa ya mbele siku inapoungua, na ya nyuma huachwa hadi mwakani.

Mabaharia walilielewa jambo hili zamani. Chombo usiku huonyesha nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe nyuma, ili mwingine ajue kinaelekea wapi. Taa ni lugha, na lugha haibuniwi na mtu mmoja peke yake. Umbo la samaki ni la fundi. Wekundu ni wa umma.

Dola yetu imelishughulikia suala hili kwa nusu. Tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na kanuni za leseni za usafirishaji za mwaka 2010 ziliitambua pikipiki kuwa chombo cha biashara ya abiria. Mkono unaotoza faini tunao. Mkono unaofundisha ni dhaifu. Kijana yule alijifunza rezista kwa kuunguza, na rangi kwa kumtia mwenzake hatarini.

Ndugu zangu watumishi wa umma, pendekezo langu ni dogo. VETA iandae mafunzo mafupi ya umeme wa pikipiki kwa mafundi wa gereji, na mwisho wa mafunzo taa ya kila fundi itazamwe usiku, kutoka nyuma, na watu wasiomjua. Wanaharakati wanaotetea bodaboda dhidi ya faini wadai pia mafunzo hayo. Nanyi wanafunzi, mkipakiwa jioni, shukeni kwanza, zungukeni nyuma ya pikipiki, mwambieni dereva akanyage breki.

Taa ya mbele humwangazia aendeshaye. Ya nyuma humwangazia asiyemjua, na jamii hupimwa kwa hiyo ya pili.