Siku Kumi za Kuuokoa Moyo wa Mtoto

Januari 1961, mvulana wa miaka minne alilazwa katika Hospitali ya Msalaba Mwekundu jijini Tokyo, akiwa na homa isiyosikia dawa. Macho mekundu, midomo imepasuka, mwili umejaa upele. Daktari wake, Tomisaku Kawasaki, hakupata ugonjwa wowote aliousomea uliofanana na huo. Mtoto alipona, akarudi kwao bila ugonjwa wake kupewa jina. Mwaka uliofuata akaja mwingine mwenye dalili zilezile, na Kawasaki akaanza kuwaweka kwenye orodha. Mwaka 1967 alichapisha habari za watoto 50.

Kawasaki mwenyewe aliamini kuwa homa hiyo huisha bila kuacha madhara. Lakini mwaka 1965 Noboru Tanaka, mtaalamu wa kuchunguza maiti, alikuwa amemkuta mtoto mmoja aliyeugua homa hiyo damu imeganda ndani ya mishipa inayoulisha moyo. Uchunguzi wa Japani nzima ulioanza mwaka 1970 ulionyesha kuwa wapo wengine waliokufa hivyo.

Ugonjwa huu, uitwao sasa ugonjwa wa Kawasaki, huvimbisha kuta za mishipa ya damu. Ukuta ukilegea, mshipa wa moyo hutuna. Damu huzunguka polepole humo, huganda na kuziba njia. Wasipotibiwa, takriban mtoto mmoja kati ya wanne hutuna mshipa wa moyo. Chanzo chake hakijulikani hadi leo, ila tiba ipo. Mwaka 1984 Kensei Furusho na wenzake walionyesha kuwa kingamwili zinazotolewa katika damu ya wachangiaji wengi, zikipitishwa kwenye mshipa wa mgonjwa, huulinda moyo. Utafiti wa Marekani ukathibitisha hilo mwaka 1986. Zikitolewa pamoja na aspirini kabla ya siku ya kumi ya homa, wanaoathirika hushuka hadi karibu mmoja kati ya 25.

Kwetu Afrika Mashariki, Hospitali ya Aga Khan ya Dar es Salaam iliripoti watoto wawili mwaka 2018, na madaktari wa Kenya nao wameandika juu ya wagonjwa wa humu nchini. Basi usidhaniwe kuwa ugonjwa wa Wajapani pekee.

Katika visiwa vya Lamu, siku hizo kumi huisha upesi. Mama wa Kizingitini au Ndau hupanda boti kwanza hadi Amu, yaani mji wa Lamu, kwenye Hospitali ya King Fahad. Ikibidi rufaa ya Mombasa, ni kuvuka hadi Mokowe, kisha barabara ya Garsen na Malindi. Na kabla ya safari, siku kadhaa huwa zimekwenda kwa kudhani ni surua, kwani mtoto wa chini ya miezi tisa hajafikia chanjo yake ya kwanza ya surua. Wagonjwa wa Kawasaki walio chini ya miezi sita ndio wa kuhofiwa zaidi: dalili zao huwa chache, na mioyo yao ndiyo huumia sana.

Kwa hiyo homa ihesabiwe siku. Ikifika ya tano, tena kuna macho mekundu yasiyo na matongo, ulimi mwekundu, upele, mikono na miguu iliyovimba au tezi la shingoni, mtoto apelekwe hospitali na ugonjwa wa Kawasaki utajwe kwa jina. Kwa mtoto mchanga, homa ya siku nyingi isiyo na sababu inatosha kuulizia kipimo cha moyo, hata kama dalili nyingine hazionekani.