Kutoka "Mbu" ya Wasambaa hadi Kimeng'enya: Historia ya Majina katika Elimu ya Kifua Kikuu

Aghalabu istilahi hudhaniwa kuwa ni kibandiko tu, kinachopachikwa juu ya kitu baada ya wataalamu kumaliza kukichunguza. Historia haikubaliani na dhana hiyo. Jina huweza kubeba maarifa kabla ya maabara kuyathibitisha, na huweza vilevile kubaki nyuma maarifa yanaposonga mbele. Katika makala haya tunakusudia kuyaonyesha mambo hayo mawili, tukianzia katika milima ya Usambara na kuishia ndani ya bakteria wa kifua kikuu.

Tangu zamani Wasambaa waliigawa dunia yao sehemu mbili: Shambaai, yaani milimani kwenye baridi na afya, na nyika, yaani bondeni kwenye joto na homa. Mwaka 1898 tabibu Mjerumani Robert Koch alipokuwa akichunguza malaria katika eneo hilo, alielezwa na wenyeji kwamba mtu akiteremka nyikani huumwa na mdudu aitwaye mbu, kisha hushikwa na homa. Na homa yenyewe nayo waliiita mbu. Ikumbukwe kwamba ni mwaka mmoja tu uliokuwa umepita tangu Ronald Ross alipoviona vimelea vya malaria ndani ya mbu huko India. Lugha za Ulaya wakati huo zilikuwa zikitumia, kama zitumiavyo hadi leo, neno la Kitaliani lenye maana ya hewa mbaya. Basi jina la Wasambaa lilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko jina la wataalamu.

Koch huyu ndiye aliyetangaza mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba kifua kikuu husababishwa na bakteria. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1905, mwaka ambao alikuwa amerudi tena Afrika Mashariki kufanya utafiti. Hapa jina la Kiswahili lilifuata njia nyingine. "Kifua kikuu" linataja mahali maumivu yanapoonekana, wala halitaji kisababishi. Lakini bakteria huyo hushambulia pia tezi, uti wa mgongo na mifupa mingine. Hivyo leo husemwa "kifua kikuu cha mifupa", na hakuna mgonjwa anayeuliza kifua kimefikaje mguuni. Jina limekua likapita asili yake, na hakuna aliyedhurika.

Dawa ya isoniazidi ilianza kutumika mwaka 1952. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulipoanzishwa nchini Tanzania mwaka 1977, dawa hiyo ilikuwa tayari miongoni mwa silaha kuu za tiba, lakini hakuna aliyejua kwa yakini jinsi inavyomwua bakteria. Mwaka 1992 ilibainika kwamba dawa huingia ikiwa imelala, na kwamba huamshwa na bakteria mwenyewe kwa kazi ya jeni iitwayo katG. Mwaka 1994 ikatambuliwa jeni nyingine, inhA. Jeni hii hutoa maagizo ya kutengeneza kimeng'enya kinachosaidia kuunda mafuta yenye minyororo mirefu ya ukuta wa bakteria. Dawa iliyokwisha kuamshwa hukizuia kimeng'enya hicho. Ukuta hukosa kujengwa, na bakteria hufa. Mwaka 1998 orodha nzima ya urithi wa bakteria huyo, yenye jeni zipatazo 4,000, ilichapishwa.

Hapo ndipo mwanaistilahi anapokabiliwa na shida. Kumeng'enya ni kuvunjavunja, na neno lenyewe limezoeleka katika habari za chakula tumboni. Kimeng'enya cha inhA hakivunji, kinajenga. Je, tulitupe neno? Tunaona hapana. Neno la Kizungu linalolingana nalo lilitungwa na Wilhelm Kühne katika miaka ya 1870 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu". Lakini leo linatumika hata pale pasipo na chachu yoyote. Kimeng'enya nacho kina haki hiyohiyo, mradi mwalimu na mwandishi wa kitabu waeleze wazi kwamba vimeng'enya vingine huvunja na vingine hujenga.

Lipo kosa jingine ambalo halistahili msamaha huo. Jeni kama inhA huandikwa mara nyingi kuwa ni "jeni muhimu". Muhimu ni chochote chenye manufaa makubwa. Lakini kinachokusudiwa hapa ni kwamba bila jeni hiyo kiumbe hakiishi, na ndiyo sababu dawa huilenga kazi yake. Kwa upande mwingine, bakteria aliyepoteza kazi ya katG huweza kuendelea kuishi, na dawa ikabaki imelala ndani yake. Huo ndio usugu. Asiyetofautisha "jeni ya lazima" na "jeni muhimu" hawezi kueleza kwa nini dawa hufaulu, wala kwa nini hushindwa.

Tofauti hii si ya wasomi peke yao. Mgonjwa wa Lushoto anayeambiwa ameze dawa kwa miezi 6, ilhali kikohozi kimekwisha mapema, anahitaji maelezo yanayoingia akilini: kwamba bakteria wachache wanaobaki, wakipata dawa pungufu, huwaacha nyuma walio sugu. Maelezo hayo atapewa kwa Kiswahili, na muuguzi atayachota katika vitabu vilivyoandikwa kwa istilahi zetu.

Kwa hiyo tunapendekeza "kimeng'enya" liendelee, "jeni ya lazima" lishike mahali pake, na "usugu" libaki kuwa sifa ya bakteria, si ya mgonjwa. Wasambaa waliunganisha ugonjwa na mdudu kwa neno moja, kwa sababu walitazama kabla ya kutaja. Nasi hatuna budi kufanya vivyo hivyo.