ILALA TULIYOITEMBEA KWA MIGUU



Mhariri ameniomba niandike machache juu ya Ilala, kwa kuwa wengi wetu tuliotoka bara kuja kusoma tulianza kuujua mji huko. Mimi nilishuka gari moshi la Kigoma mwaka 1974, sanduku la bati kichwani, nikaenda kwa miguu toka stesheni mpaka nyumbani kwa baba mdogo, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Sikujua kwamba katika mwendo ule mfupi nilikuwa nimeikata historia yote ya mji katikati.

Mji ulianzia pwani. Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, na Boma la Kale lililo karibu na bandari ni la zama zake. Alipofariki mwaka 1870 kazi ikalala. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia hapo makao makuu yao kutoka Bagamoyo, nao ndio waliotuachia Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile la Kilutheri la Azania Front, bustani ya mimea, na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Miaka miwili baadaye Waingereza wakauteka mji.

Watawala hao wote wawili waliugawa mji kwa rangi za watu. Upande wa bahari Uzunguni, katikati Uhindini, na magharibi Uswahilini. Kati ya Uhindini na Uswahilini Waingereza waliacha uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja. Walisema ni kwa ajili ya afya. Afya ya nani, msomaji na ajijibu mwenyewe. Leo uwanja huo una mnara wa Mwenge, na wengi wetu tuliuchezea mpira bila kujua uliwekwa ili kututenga.

Jina la Kariakoo nalo lina msiba wake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza ilikuwa hapo. Kwa Kiingereza waliitwa Carrier Corps, na kinywa cha Mswahili kikaligeuza jina kuwa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa Afrika Mashariki, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Ukipita Mtaa wa Mahiwa au wa Narung'ombe unatamka majina ya mapigano ya mwaka 1917 huko kusini. Pale penye mzunguko wa barabara mjini Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya Wissmann, gavana wao wa zamani. Waingereza wakaiondoa, na mwaka 1927 wakaweka ile ya Askari tunayoijua. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, lakini aliyechongwa ni askari na bunduki yake. Mpagazi hana sanamu. Kwa maoni yangu sanamu yake ni Kariakoo yenyewe.

Nyumba ya baba mdogo ilikuwa kama nyingine zote za mtaa: baraza mbele, ujia katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uwani nyuma palipo na jiko, kisima na choo. Vyumba sita, makabila matano, na chumvi inaazimwa mpaka usiku. Barazani ndipo mambo yalipozungumzwa, na si ajabu kwamba siasa za nchi hii zilipikwa mitaa hiyo. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa hapo karibu, katika mtaa ambao baadaye uliitwa Lumumba. Rais wake, Mwalimu Nyerere, alikuwa akifundisha Pugu, ambayo nayo imo ndani ya wilaya hii hii ya Ilala, mpaka alipoacha ualimu mwaka 1955. Mpira vilevile: Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba ikafuata mwaka 1936, na klabu zote mbili zina makao Kariakoo, mwendo wa kumaliza sigara moja. Baba mdogo alikuwa Yanga, shangazi Simba. Siku ya mechi chakula kilichelewa.

Nilipofika, soko jipya lilikuwa likijengwa. Lilibuniwa na Beda Amuli, msanifu wetu Mtanzania, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni kama uyoga mkubwa wa zege unaokinga mvua na kuipeleka kwenye tangi chini ya ardhi. Tulikwenda kulitazama kwa foleni kana kwamba ni sinema. Julai 2021 liliungua, na niliposikia habari hiyo redioni sikuona haya kulia.

Mwaka huo huo Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa, Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,220,611 wilayani. Ile ya 2022 ilipita milioni 1.6. Watu hao lazima wakae na wauze mahali fulani, hilo nalikubali. Lakini mwaka 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya mji lilianguka na kuua watu 36, na Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo penyewe, wachuuzi wakiwa ndani. Tunajenga juu upesi kuliko tunavyokagua chini.

Wageni tutakaokutana safari hii nawashauri waanze Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1940, wapite Karimjee, kisha wavuke Mnazi Mmoja kwa miguu. Mabasi ya mwendokasi yapo tangu 2016, ila mvua kubwa ikinyesha Jangwani hufungwa, kwani Mto Msimbazi haujui ratiba.

Nyumba ya Mtaa wa Sikukuu iliuzwa na warithi, nami nilikuwa mmoja wao, nikatia sahihi. Sasa ni ghorofa lenye maduka ya nguo. Mwaka jana nilisimama mbele yake, kijana mmoja akaniuliza, "Mzee, unatafuta saizi gani?" Nikanunua shati.