Hifadhi Isiyo na Simba

Ukitaja hifadhi ya taifa, wengi huuliza simba. Kitulo, uwanda wa nyasi kwenye milima ya Makete na Mbeya, una maua. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Lakini okidi zake zilichimbwa kwa magunia, zikavushwa kwenda Zambia, ambako viazi vyake husagwa kupikia chikanda. Ukichuma ua, mmea hubaki. Ukichimba kiazi, umeumaliza. Kwa mchimbaji, gunia lilikuwa fedha mkononi.

Mwaka 2005, kilomita za mraba zipatazo 413 zikawa hifadhi, ya kwanza Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Jembe likazuiwa. Ng'ambo ya mpaka, chungu cha chikanda bado kiko motoni.