Chakula Kwanza, Bunduki Baadaye

Kwa miongo mingi wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1872, waliketi kwenye mabenchi jioni kutazama dubu wakipekua mabaki ya hoteli. Burudani hiyo ilikuwa pia shule: dubu walijifunza kwamba palipo na binadamu pana mlo. Ada yake ililipwa usiku mmoja wa Agosti 1967 katika hifadhi ya Glacier, jimboni Montana, dubu wawili wa kahawia walipowaua wasichana wawili waliolala katika kambi tofauti. Karibu na kambi ya kwanza, nyumba ya wageni ilikuwa ikiwamwagia dubu makombo. Kwenye ya pili, dubu alikuwa amewasumbua wapiga kambi tangu awali.

Ndiyo maana anayechagua kinga ya kwenda nayo porini aanze na chakula chake. Mambo yalibadilika majalala yalipofungwa, na baadaye yalipokuja makopo magumu ya plastiki ya kuhifadhia chakula, mapana kuliko taya za dubu, ambayo baadhi yake kifuniko hufunguliwa kwa kuzungusha sarafu. Ni kweli kwamba Yellowstone ilipofunga majalala kwa haraka, watafiti Frank na John Craighead walipinga, na dubu wengi waliuawa. Lakini ndugu hao walibishia haraka ile tu, na vifo vile vinathibitisha jinsi mazoea ya kula taka yalivyo magumu kuyang'oa.

Mpinzani atasema kopo la chakula halimfai aliyekutana ghafla na dubu mwenye watoto. Sawa, hapo inatakiwa kinga ya mkononi, na wengi hukimbilia bunduki. Hata hivyo, utafiti wa matukio 269 ya Alaska, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba waliofyatua risasi hawakusalimika zaidi ya waliokuwa na bunduki wasiitumie. Dubu huja kwa kasi, na risasi hutaka shabaha. Dawa ya pilipili ya kupuliza hutoa wingu pana. Utafiti wa 2008 ulikuta imewazuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio. Wapo wanaosema wengi wa dubu hao walikuwa wadadisi tu, na kwamba upepo huweza kuirudisha dawa usoni mwa mpulizaji. Hoja hizo zina uzito, ila haziipi bunduki nafasi ya kwanza; zinaonyesha kuwa hakuna chombo cha mkononi kinachofidia uzembe wa kambini. Aliyefungia chakula chake vizuri amejikinga mwenyewe, amemkinga atakayelala hapo kesho, na amemkinga dubu, ambaye akishazoea mlo wa binadamu mara nyingi huishia kuuawa na askari wa hifadhi.