Vitafunwa vitamu vya matunda kwa familia zenye shughuli nyingi

WAZAZI wengi wa mijini hufika nyumbani jua likiwa limekwisha kuzama. Foleni za barabarani, kazi na biashara huwamalizia siku, na mtoto anapoomba kitu kitamu, njia iliyo rahisi ni kumpa fedha akanunue soda, biskuti au pipi katika duka la jirani. Ikifanyika mara moja si neno. Ikifanyika kila siku huwa mazoea, na mazoea ya sukari huanza utotoni.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu katika chakula chake cha siku. Kwa mtu mzima kiasi hicho ni takriban gramu 50, na kwa mtoto ni pungufu ya hapo. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na gramu 35 au zaidi. Mtoto anayekunywa chupa hiyo anakuwa amekaribia kumaliza sukari yake ya siku nzima kabla hajala chochote kingine.

Habari njema ni kwamba mwambao wetu haujapungukiwa utamu. Maembe hujaa masokoni kati ya Novemba na Februari, machungwa ya Muheza huteremshwa kwa wingi katikati ya mwaka, na mananasi ya Kiwangwa, Bagamoyo, si mageni katika masoko ya Buguruni na Ilala. Ndizi, papai na nazi hazikosekani mwaka mzima. Kanuni ya kukumbuka ni moja: tunda likiiva vizuri, acha lifanye kazi ya sukari. Onja kwanza, kisha ndipo uamue kama kuna haja ya kuongeza.

Yafuatayo ni mapishi manne yanayotosha watu wanne hadi sita. Hakuna linalohitaji jiko la kuokea.

NDIZI MBIVU ZA NAZI

Mahitaji
Ndizi mzuzu zilizoiva 4
Tui zito kikombe 1
Tui jepesi kikombe 1
Sukari kijiko 1 cha chakula
Hiliki punje 4, zilizotwangwa
Chumvi kidogo sana

Namna ya kutayarisha
Chagua ndizi ambazo maganda yake yameanza kuwa na madoa meusi, kwani hizo ndizo zenye utamu. Menya, pasua kila moja kwa urefu, toa moyo wa katikati, kisha kata vipande vya wastani. Vipange katika sufuria pana, mimina tui jepesi, tia chumvi na uchemshe kwa moto wa wastani kwa dakika 10 hivi. Ndizi zikilainika, ongeza tui zito, sukari na hiliki.

Punguza moto. Tikisa sufuria mara kwa mara badala ya kukoroga kwa mwiko, ili ndizi zisivurugike. Usiache tui zito lichemke kwa nguvu, kwa sababu litakatika na mafuta yatajitenga. Likishakuwa zito, epua. Huliwa ya moto au iliyopoa, na ni chakula kinachofahamika sana katika futari za mwezi wa Ramadhani.

KASHATA ZA KARANGA

Mahitaji
Karanga vikombe 2
Sukari kikombe 1
Maji vijiko 3 vya chakula
Hiliki ya unga nusu kijiko cha chai
Mafuta kidogo ya kupaka sinia

Namna ya kutayarisha
Anza kwa kuchambua karanga. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe. Zisikaangwe kwa matumaini kwamba moto utazisafisha. Ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu, sumu inayodhuru ini na ambayo haiondolewi na moto wa jikoni. Mwaka 2016 sumukuvu katika nafaka ilisababisha vifo vya watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshambuliwa zaidi.

Kaanga karanga bila mafuta kwa moto mdogo, zipoe, zifikiche na upepete maganda. Paka sinia mafuta na uliweke karibu. Weka sukari na maji katika sufuria, uchemshe hadi shira iwe na rangi ya asali. Epua mara moja, tia karanga na hiliki, changanya haraka, kisha mimina katika sinia na usawazishe kwa mti wa kusukumia chapati uliopakwa mafuta. Kata vipande 24 kashata ikiwa bado na joto. Ikipoa kabisa itavunjika ovyo.

Watoto wakae mbali wakati wa kuchemsha shira, kwa kuwa huunguza vibaya kuliko maji ya moto na hunata mwilini. Kila kipande kitakuwa na takriban gramu 8 za sukari, sawa na vijiko viwili vya chai, hivyo kimoja kinatosha kwa mtoto wa shule. Watoto walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, kwani zinaweza kuwapalia. Zikihifadhiwa katika chombo kikavu chenye mfuniko, kashata hukaa wiki nzima bila kuharibika.

SALADI YA MATUNDA KWA PASHENI

Mahitaji
Papai dogo 1
Embe 1 kubwa
Nanasi nusu
Ndizi mbivu 2
Pasheni 4
Chungwa 1
Maji ya limau kijiko 1 cha chakula

Namna ya kutayarisha
Osha matunda yote kwa maji safi kabla ya kuyamenya, hata yale ambayo ganda lake haliliwi, maana kisu hupitisha uchafu wa nje kuingia ndani. Kibao kilichokatiwa nyama au samaki kisitumike kabla hakijaoshwa kwa sabuni. Kata papai, embe na nanasi vipande vidogo. Kamua chungwa na limau, changanya na nyama ya pasheni, kisha mimina juu ya matunda. Ndizi zikatwe mwisho na kuchanganywa papo hapo, kwa sababu maji ya limau na chungwa huzizuia kuwa nyeusi.

Pasheni inachukua nafasi ya sukari na kuleta harufu nzuri. Ukipenda kuongeza mtindi, uweke wakati wa kula tu: nanasi bichi likikaa pamoja na maziwa huyafanya yawe machungu. Saladi ihifadhiwe katika jokofu na iliwe siku hiyo hiyo. Kwa nyumba isiyo na jokofu, au umeme ukikatika, iliwe ndani ya saa mbili.

BARAFU ZA EMBE NA MTINDI

Mahitaji
Maembe dodo yaliyoiva 2
Mtindi kikombe 1
Pasheni 2, zilizochujwa mbegu
Sukari kijiko 1 cha chakula, ikihitajika

Namna ya kutayarisha
Saga vitu vyote kwa blenda hadi vilainike. Onja. Mchanganyiko uwe mtamu kidogo kuliko unavyopenda, kwani ubaridi hupunguza ladha ya utamu. Mimina katika vikombe vidogo, weka katika friza, na baada ya saa moja chomeka kijiti katikati. Ziache zigande kwa saa nne hadi sita. Embe likiwa nje ya msimu, tumia ndizi mbivu au ubuyu uliokorogwa kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa.

KUPANGA WIKI

Familia yenye muda mchache ifanye kazi kubwa mwishoni mwa wiki. Jumamosi ukaange karanga na kutengeneza kashata za kubeba shuleni. Jumapili ugandishe barafu. Katikati ya wiki zitabaki ndizi za nazi, ambazo ni kazi ya nusu saa wakati wali ukiwa jikoni, na saladi ambayo watoto wakubwa wanaweza kuitayarisha wenyewe wakifundishwa kushika kisu.

Mtoto aliyemenya embe kwa mkono wake hulila bila kubembelezwa. Fedha iliyokuwa ikienda kwenye soda za wiki itumike kununua matunda, na utamu huo uwe sehemu ya mlo wa familia nzima.

Karibuni mezani.